Dola moja kwa kila mtoto: kisa cha shule za Kijapani Hawaii

Mtoto aliyekulia Lamu, Tanga au Unguja hahitaji kuelezwa maana ya kusoma mara mbili kwa siku. Asubuhi shule, alasiri chuoni. Daftari la hesabu linawekwa kando, juzuu inashikwa. Hawaii ya miaka ya 1920 ilikuwa na maelfu ya watoto wa aina hiyo. Mchana walisoma kwa Kiingereza katika shule ya serikali, kisha wakaenda shule ya pili kujifunza kusoma na kuandika Kijapani, lugha ya wazazi wao waliofanya kazi katika mashamba ya miwa. Kisa hiki ni cha ile shule ya pili: jinsi serikali ya Hawaii ilivyotaka kuimaliza bila kuandika popote kwamba imepigwa marufuku, na jinsi wazazi wasio na kura walivyoishinda mahakamani.

Kesi inaitwa Farrington dhidi ya Tokushige, wa kwanza akiwa gavana wa Hawaii na wa pili akiwa upande wa shule, na Mahakama ya Juu ya Marekani iliiamua tarehe 21 Februari 1927. Wanasheria huitaja haraka haraka, kama mkia wa kesi mbili kubwa zilizoitangulia. Naona wanaidhulumu. Hizo mbili zilihusu sheria zilizopiga marufuku waziwazi, na marufuku ya wazi ni rahisi kuiona. Hii ilihusu vibali, saa, ada na fomu, yaani vitu ambavyo ofisi yoyote hudai kuwa ni utaratibu wa kawaida tu.

Manamba na watoto wao

Februari 1885 meli City of Tokio ilitia nanga Honolulu ikiwa na Wajapani zaidi ya 900, walioletwa kwa makubaliano kati ya serikali ya Japani na Ufalme wa Hawaii. Walikwenda kulima miwa kwa mkataba wa miaka mitatu, na nia yao ilikuwa ya manamba popote duniani: chuma, rudi. Hadi 1894 mpango huo ulikuwa umepeleka watu wapatao 29,000. Wengi walibaki. Marekani ikavitwaa visiwa mwaka 1898, na mnamo 1907 na 1908 Tokyo na Washington zikaafikiana kuzuia vibarua wapya, ila mlango ukaachwa wazi kwa wake na watoto wa waliokwishafika. Hapo ndipo wanaume wa kambi za miwa walipoanza kuposa kwa picha: picha ya bwana inakwenda Japani, ya bibi inakuja Hawaii, ndoa inaandikishwa kijijini bwana harusi akiwa shambani ng'ambo ya bahari. Makubaliano yaliyokusudiwa kupunguza Wajapani yakazaa familia. Sensa ya 1920 iliwakuta Wajapani takriban 109,000 kati ya wakazi wapatao 256,000, zaidi ya wawili katika kila watano.

Watoto waliozaliwa visiwani walikuwa raia wa Marekani tangu siku ya kuzaliwa. Wazazi wao hawakuwa na njia ya kuwa raia hata kama wangeishi huko maisha yao yote, kwa sababu sheria ya uraia wa kuomba iliwaruhusu watu weupe na watu wenye asili ya Afrika tu. Basi ndani ya nyumba moja, mezani pale pale, mtoto alikuwa raia na baba alikuwa mgeni wa kudumu. Kesi nzima inakaa juu ya ufa huo.

Mwaka 1896 mchungaji Mkristo, Takie Okumura, alifungua shule ya Kijapani Honolulu. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alichochewa na mtoto wa kike aliyemuuliza kuhusu mama yake. Mtoto akamjibu kwa sentensi moja fupi yenye Kiingereza, Kihawai na Kijapani ndani yake. Leo Nairobi tungesema mtoto anaongea Sheng na tungeendelea na safari. Okumura aliona hatari: mtoto asiyeweza kuzungumza na mama yake mzazi kwa lugha moja iliyokamilika. Mwaka 1902 Wabudha wa madhehebu ya Hongwanji, chini ya Askofu Yemyo Imamura, wakaanzisha shule yao, na kutoka hapo shule zikaenea kambi hadi kambi, nyingi zikiwa chini ya mahekalu.

Wenye mashamba hawakuzichukia. Walitoa ardhi, mara nyingine na fedha. Kibarua ambaye mtoto wake ana shule na hekalu pale kambini hahami ovyo kwenda shamba jingine kutafuta senti mbili za nyongeza. Isitoshe, baba na mama wote walitoka alfajiri kwenda shambani, na shule ilikuwa mahali pa kuwaacha wadogo. Ukisikia baadaye kwamba shule hizi zilikuwa hatari kwa taifa, kumbuka nani alitoa kiwanja.

Zisichanganywe na shule za Kijapani za leo, kama ile iliyoko Nairobi. Mtindo huo ni wa baada ya vita kuu ya pili. Shule ya Bangkok ilianza 1956, na shule ya mwisho wa wiki ya Washington ikafuata 1958. Kusudi lake ni mtoto wa mfanyakazi wa ubalozi au wa kampuni asiachwe nyuma na mtaala wa Tokyo, ili akirudi aingie darasani na wenzake na kufanya mitihani yao. Hizo ni shule za kurudi. Za Hawaii, baada ya miaka ishirini ya kwanza, zilikuwa za kubaki: mtoto alikuwa akienda kuwa Mmarekani, ila mzazi alitaka aweze kusoma barua ya bibi yake.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Kwa muda mrefu vitabu vya shule hizo vilikuwa vilevile vilivyotumika Japani. Watoto raia wa Marekani walifundishwa kumheshimu Mfalme wa Japani, na katika sikukuu zake waliinamisha vichwa wakisikiliza Tamko la Kifalme la Elimu la 1890. Mmarekani wa Honolulu aliyechungulia dirishani siku kama hiyo alikuwa na sababu ya kuuliza maswali. Walimu wenyewe waliona tatizo, na kuanzia katikati ya miaka ya 1910 vitabu vilianza kuandikwa upya vikamhusu mtoto wa Hawaii. Kazi ilikuwa imeanza, na ilianzia ndani. Serikali haikuisubiri.

Sheria isiyopiga marufuku

Mambo mawili yalitokea mwaka 1920. La kwanza lilikuwa mgomo. Kuanzia Januari hadi Julai, vibarua Wajapani na Wafilipino wa kisiwa cha Oahu waliacha kazi. Mshahara wa msingi ulikuwa senti 77 kwa siku; Wajapani walidai dola 1.25. Mgomo ulivunjwa, familia zikafukuzwa kwenye nyumba za kambi, na wenye mashamba wakatafuta wa kumlaumu. Badala ya kuzitazama senti 77, wakawatazama makasisi wa Kibudha na walimu wa shule za Kijapani.

La pili lilikuwa ripoti ya wataalamu wa elimu wa serikali ya shirikisho, walioalikwa kuzikagua shule zote za Hawaii. Walipendekeza shule za lugha za kigeni zifutwe. Kwa hiyo Novemba 1920, kikao maalumu cha Bunge la Hawaii kilipopitisha Sheria Namba 30, woga wa tajiri ulikuwa umepata muhuri wa mtaalamu.

Sheria hiyo, pamoja na marekebisho ya 1923 na 1925, inafaa kusomwa polepole, kifungu kwa kifungu, kama mkataba wa nyumba.

Shule ya lugha ya kigeni ilitafsiriwa kuwa shule yoyote inayoendeshwa kwa lugha isiyo Kiingereza wala Kihawai, isipokuwa shule za Jumapili. Hapa nacheka kidogo kwa uchungu. Kihawai kilihesabiwa kwa heshima zote kuwa si lugha ya kigeni, lakini tangu sheria ya 1896, mwaka uleule Okumura alipofungua shule yake, Kiingereza kilikuwa ndicho lugha pekee ya kufundishia shuleni. Lugha ya wenye visiwa ilipewa msamaha wakati shule za kuutumia msamaha huo zilikuwa zimekwisha.

Kila shule ilitakiwa kuwa na kibali cha maandishi, kinachoombwa upya kila mwaka. Kila mwalimu naye awe na kibali chake, na ili akipate aonyeshe kwamba ana fikra za demokrasia, anaijua historia ya Marekani na taasisi zake, na anajua kusoma, kuandika na kuzungumza Kiingereza. Aapishwe kwamba ataelekeza akili za wanafunzi wawe raia wema watiifu wa Marekani. Vitabu na masomo vichaguliwe na idara ya elimu. Wakaguzi waingie wakati wowote.

Muda: shule isifunguliwe asubuhi kabla ya shule ya serikali, wala wakati shule ya serikali inaendelea. Mwanafunzi asihudhurie zaidi ya saa moja kwa siku, saa sita kwa wiki, wiki 38 kwa mwaka. Piga hesabu: saa 228 kwa mwaka, kwa lugha ambayo mtoto anahitaji herufi zaidi ya 1,000 ndipo asome gazeti bila kukwama. Na kwa familia ya kambini, kukataza masomo ya asubuhi kulikuwa na maana nyingine kabisa: baba na mama wameshatoka, mtoto aende wapi?

Kisha ada. Kila shule ilipe dola moja kwa kila mwanafunzi, kwa mwaka, kutokana na wastani wa mahudhurio ya mwaka uliotangulia. Dola moja inasikika ndogo. Kwa mshahara wa msingi wa kabla ya mgomo ilizidi ujira wa siku nzima wa mtu mzima, na mwenye watoto wanne alikuwa anatozwa zaidi ya siku tano za jembe kwa kosa la kuwafundisha lugha yao. Upande wa shule unatisha zaidi. Hukumu ya 1927 inatupa takwimu: Hawaii ilikuwa na shule 163 za lugha za kigeni, 9 za Kikorea, 7 za Kichina, na zote zilizobaki za Kijapani. Shule zilizohusika katika kesi zilimilikiwa na watu zaidi ya 5,000, zikiwa na wanafunzi 20,000, walimu 300 na mali ya thamani ya dola 250,000. Wanafunzi 20,000 kwa dola moja ni dola 20,000 kila mwaka, sawa na asilimia 8 ya thamani ya mali yao yote, majengo na madawati. Na shule hizo hazikupokea hata senti moja ya serikali.

Asiyelipa au asiyefuata anyimwe kibali. Anayefundisha bila kibali ametenda kosa la jinai.

Kanuni zikafuata sheria. Novemba 1922 Gavana Wallace Farrington aliidhinisha kanuni za kuondoa watoto wa madarasa ya chini kabisa katika shule hizo. Mwaka 1925 kanuni nyingine ziliweka sharti kwamba mwanafunzi lazima awe anahudhuria shule ya serikali au shule ya binafsi iliyokubaliwa, au awe amemaliza darasa la nane, au amezidi miaka 14, na zikataja vitabu vya kutumia madarasani.

Hakuna mahali palipoandikwa: shule za Kijapani zimefungwa. Hapo ndipo ulipo ustadi wake.

Mtu aliyefanya kila alichoambiwa

Mwezi uleule wa Novemba 1922, tarehe 13, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu nyingine iliyomhusu Mjapani wa Honolulu, Takao Ozawa, aliyekuwa ameomba uraia. Katika maelezo yake Ozawa aliandika kwamba hawapeleki watoto wake katika shule wala kanisa la Kijapani, na kwamba nyumbani anatumia zaidi Kiingereza hadi watoto wake hawajui Kijapani. Kwa maneno mengine, alikuwa ametimiza kwa hiari yake yote ambayo Sheria Namba 30 ilitaka kuyapata kwa nguvu. Mahakama ikamkatalia: si mtu mweupe, basi.

Hizi mbili zisomwe pamoja. Wazazi wa Kijapani waliambiwa waache lugha yao ili waonekane Wamarekani, na aliyekwishaiacha akaambiwa hawezi kuwa Mmarekani. Ukijua hilo, swali la kwa nini Wajapani wengine waliona afadhali waende mahakamani linajijibu.

Ugomvi wa nyumbani

Si wote walioona hivyo. Na hapa kisa kinageuka, kwa sababu mpinzani mkubwa wa kwenda mahakamani alikuwa Okumura, yuleyule wa shule ya 1896. Kuanzia 1921, akifuatana na mwanawe Umetaro, alizunguka kambi za miwa miaka sita mfululizo akiwahimiza Wajapani wajifunze desturi za Kimarekani na waache mambo yanayochochea chuki. Kwa maoni yake, mgeni anayeishtaki serikali ya nchi iliyompokea anakata tawi alilokalia. Yasutaro Soga, mhariri wa gazeti la Nippu Jiji, naye alikuwa upande wa kutuliza mambo. Konseli mkuu wa Japani Honolulu hakutaka kesi. Tokyo haikuwa na hamu ya kugombana na Washington kwa ajili ya watoto wa manamba.

Aliyetaka kesi alikuwa Fred Kinzaburo Makino, mhariri wa Hawaii Hochi. Alizaliwa Yokohama mwaka 1877, baba Mwingereza na mama Mjapani, akahamia Hawaii 1899 na kufungua duka la dawa Honolulu. Alifungwa jela kwa kuongoza mgomo wa 1909, kisha mwaka 1912 akaanzisha gazeti. Huyu hakuwa mtu wa kuombea radhi kuwapo kwake. Hoja yake ilikuwa kwamba kama katiba ya Marekani ni ya kweli, basi inamlinda pia mtu asiyependwa. Na kama haimlindi, heri ijulikane mapema.

Nimewahi kuwasoma watu wanaomchora Okumura kama msaliti na Makino kama shujaa. Mimi siwezi. Okumura aliwapenda watoto hao kabla ya mtu yeyote mwingine, na hofu yake ilikuja kutimia, ingawa si kwa njia aliyoitarajia. Ila katika jambo moja Makino alimzidi: alitambua kwamba kwenda mahakamani ndilo tendo la Kimarekani kuliko yote yaliyowezekana pale. Umetaka nifuate desturi zenu? Hii hapa mojawapo.

Kuna kichekesho kidogo pia. Farrington, kabla ya kuwa gavana, alikuwa mwenye gazeti la Honolulu Star-Bulletin. Kwa hiyo chini ya majina ya kisheria, huu ulikuwa pia ugomvi wa wahariri wawili.

Tarehe 28 Desemba 1922 shule nne zilifungua kesi. Nyingine zikasita, zikatazamana, zikaingia moja moja, hadi zaidi ya 80 zikawa ndani, kupita nusu ya shule zote za Kijapani. Zilizobaki nje zililipa ada na kunyamaza. Mawakili waliongozwa na Joseph Lightfoot wa Honolulu.

Hukumu

Wakati kesi inakwenda, upepo wa Washington ulikuwa umebadilika. Mwaka 1923, katika kesi ya Meyer dhidi ya Nebraska, Mahakama ya Juu ilitupa sheria iliyokataza kufundisha lugha za kigeni kwa watoto ambao hawajamaliza darasa la nane. Mwalimu aliyeshtakiwa alikuwa amefundisha Kijerumani. Mwaka 1925 ilitupa sheria ya Oregon iliyotaka watoto wote wasome shule za serikali tu. Kutoka hapo kulikuwa na kanuni ya kushika: mzazi ana haki ya kuongoza malezi na elimu ya mwanawe, na serikali haina ruhusa ya kuiingilia bila sababu ya maana.

Kulikuwa na kikwazo cha kiufundi. Kesi hizo mbili ziliegemea Marekebisho ya Kumi na Nne ya katiba, ambayo yanazibana serikali za majimbo. Hawaii haikuwa jimbo bado. Ilikuwa eneo lililotawaliwa kutoka Washington. Mahakama ikakivuka kikwazo kwa hatua moja fupi: Marekebisho ya Tano, yanayoibana serikali ya shirikisho, yanatoa ulinzi uleule dhidi ya kunyang'anywa uhuru au mali bila utaratibu wa haki, na eneo lililo chini ya shirikisho haliwezi kufanya ambalo shirikisho lenyewe haliwezi. Watu wengi huipita hatua hii. Kwa wakazi wa maeneo yaliyotwaliwa, hapo ndipo penye uzito: kutawaliwa bila kuwa jimbo hakukuwaondolea haki hiyo.

Jaji wa shirikisho Honolulu alikuwa ametoa zuio la muda la kusimamisha utekelezaji wa sheria hiyo mwaka 1925, mahakama ya rufani ikaliunga mkono 1926, na Februari 1927 majaji wa Mahakama ya Juu wakasema kwa sauti moja kwamba zuio libaki. Aliyeandika hukumu ni Jaji James McReynolds, aliyeziandika na zile mbili za kwanza. Huyu ni mtu aliyejulikana kwa chuki zake, aliyekataa hata kuzungumza na jaji mwenzake Louis Brandeis kwa sababu ni Myahudi. Ukitaka ushahidi kwamba hoja nzuri inaweza kupita katika mkono usioutarajia, ni huyo.

Serikali ya Hawaii ilijitetea kwa njia mbili. Kwanza, kwamba hii ni kudhibiti tu, wala hakuna aliyekatazwa. Pili, kwamba hata kama vifungu vingine vimezidi, mahakama ichambue, iondoe vibaya, ibakize vizuri. Ni utetezi wenye akili. Kila kifungu ukikichukua peke yake kina mantiki yake: nani atapinga mwalimu kujua Kiingereza? Nani atapinga mkaguzi?

McReynolds alikataa kuichambua kipande kipande. Aliitazama sheria nzima kwa pamoja na kuona kwamba vifungu vyote ni sehemu za mpango mmoja wa makusudi wa kuzitia shule hizo chini ya udhibiti mkali wa serikali, bila sababu ya kutosha kuonyeshwa. Sheria hiyo, aliandika, inaingia hadi mambo ya ndani kabisa ya shule na kuwanyima wenye shule na wazazi nafasi ya kuchagua walimu, masomo na vitabu. Ikitekelezwa huenda ikaua nyingi kati ya shule hizo, kama si zote, na itawanyima wazazi nafasi ya kuwapatia watoto mafunzo wanayoyaona muhimu, ambayo mahakama haiwezi kusema yana madhara. Mzazi wa Kijapani, akaandika, ana haki ya kuongoza elimu ya mtoto wake bila vizuizi visivyo na busara, na katiba inamlinda sawasawa na wanaozungumza lugha nyingine.

Huyo mzazi, kumbuka, ndiye ambaye mahakama hiyohiyo mwaka 1922 ilisema hawezi kuwa raia.

Hukumu ina mipaka yake, na wanaoishangilia huisahau. Kilichoamuliwa ni zuio la muda. Mahakama ilisema jaji wa chini hakukosea kulitoa. Ilikiri pia kwamba Hawaii ilikuwa na matatizo mazito kwa sababu ya wingi wa wageni, na kwamba matatizo hayo yapewe uzito wake, ila mipaka ya katiba isivukwe. Mlango wa udhibiti wenye busara uliachwa wazi. Kilichofungwa ni ile njia ya kuua kwa kujifanya unapanga.

Baada ya ushindi

Shule zilistawi. Katika miaka ya 1930 wanafunzi wa shule za Kijapani Hawaii walifika takriban 40,000. Walijifunza nini? Kidogo kuliko wazazi walivyotumaini na kidogo sana kuliko serikali ilivyoogopa. Saa moja au mbili alasiri, mtoto amechoka, mpira unachezwa nje. Aliyewahi kusinzia chuoni anaelewa. Jeshi la Marekani lilipata kipimo chake mwaka 1941 lilipowasaili wanajeshi wapatao 3,700 wa asili ya Kijapani, wa Marekani bara, likitafuta wakalimani: walioijua lugha kwa ufasaha walikuwa asilimia 3 hivi. Tarehe 1 Novemba mwaka huo likafungua kwa siri shule yake ya Kijapani San Francisco, wanafunzi 60. Serikali iliyokuwa imelalamika miaka ishirini kwamba vijana hawa wanafundishwa Kijapani mno ikalazimika kuwafundisha yenyewe.

Majuma matano baadaye Japani iliishambulia Pearl Harbor, bandari ya jeshi la majini la Marekani kisiwani Oahu. Sheria ya kijeshi ilitangazwa Hawaii siku ileile, 7 Desemba 1941, na shule zote za Kijapani zikafungwa. Walimu na makasisi walikuwa miongoni mwa waliokamatwa kwanza, kutoka katika orodha zilizoandaliwa kabla ya vita. Vyama vya shule vikaanza kujivunja vyenyewe. Majengo yaliyojengwa kwa michango ya vibarua, yaliyotetewa hadi Washington, yalitolewa bure kwa taasisi za jamii ili mtu aonekane mtiifu. Mabango ya kuhimiza watu waongee Kimarekani yalibandikwa mitaani. Hapakuhitajika kibali, mkaguzi wala ada ya dola moja.

Mwaka 1943 Bunge la Hawaii likapitisha sheria mpya ya kuwazuia watoto wadogo wasifundishwe lugha za kigeni, likijua vizuri hukumu ya 1927 imesema nini. Sheria hiyo nayo ilipelekwa mahakamani baada ya vita. Mahakama ya shirikisho Honolulu iliitupa 1947. Mwaka 1949 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo kwa sababu za utaratibu, bila kugusa haki yenyewe, na mwaka huohuo Bunge likaifuta sheria. Walioshtaki safari hii walikuwa wenye shule za Kichina.